Rolex ya Wandegeya na matobolwa ya bibi

Mzazi anayempeleka mtoto kuangalia mpira mji wa mbali hupanga mambo mengi. Anapanga nauli, tiketi, jezi na mahali pa kulala. Chakula hukumbukwa mwisho, mara nyingi wakati mtoto ameshanuna na basi limeshapita stendi yenye wauzaji. Hapo ndipo wengi wetu tunaponyoosha mkono dirishani na kununua soda na biskuti, na safari nzima inakuwa ya soda na biskuti.

Kwetu Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu mkoani Simiyu, jambo hili lina uzito wake, kwa sababu kwetu mechi kubwa ni safari. Uwanja wa CCM Kirumba uko Mwanza, na Uwanja wa Benjamin Mkapa uko Dar es Salaam. Mtu wa Meatu akitaka kuiona Taifa Stars kwa macho yake, lazima afunge begi.

Septemba 2018 nilifunga begi na binti yangu. Alikuwa na miaka 12 na alikuwa kipa wa timu ya wasichana ya shule yake. Taifa Stars ilikuwa inacheza na Uganda mjini Kampala, Jumamosi ya tarehe 8, kuwania kufuzu Afcon 2019. Nilikuwa nimemwahidi kwamba siku moja ataona mechi ya mataifa akiwa jukwaani, na Kampala, kwa mtu wa Kanda ya Ziwa, haikuonekana mbali sana kuliko Dar. Nikaomba ruhusa shuleni, tukaungana na kundi la mashabiki waliokodi basi Mwanza.

Nawaandikia wazazi wenzangu habari ya safari ile kwa sababu Afcon 2027 imepangwa kuchezwa Tanzania, Kenya na Uganda. Watoto watatuuliza kama tutaenda. Wapo watakaokwenda, na watakaokwenda watakula. Nilichojifunza Kampala kuhusu kula na mtoto kimedumu nyumbani kwetu kuliko matokeo ya mechi yenyewe.

Mfuko wa bibi

Usiku wa kuamkia safari, mama yangu alimletea mjukuu wake mfuko wa nguo uliofungwa kwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na matobolwa na karanga za kukaanga.

Kwa msomaji ambaye hakukulia Usukumani, nieleze kidogo. Viazi vitamu vikivunwa kwa wingi havikai muda mrefu, kwa hiyo Wasukuma huvikausha kwa njia mbili. Ukivimenya vikiwa vibichi, ukavikata vipande na kuvianika, unapata michembe. Michembe hupikwa ndipo iliwe. Ukivichemsha kwanza, ndipo ukavikata na kuvianika, unapata matobolwa. Matobolwa yanaweza kutafunwa yalivyo, makavu, matamu, magumu kidogo mwanzoni na laini kadiri unavyotafuna. Yanakaa miezi bila kuharibika. Katika mkoa ambao mvua ikikosea kidogo mahindi yanaungua shambani, chakula cha namna hii kimevusha familia nyingi kipindi cha njaa. Kwa msafiri ni chakula kamili: hakimwagiki, hakinuki, hakihitaji moto.

"Njaa ya njiani haina hoteli," bibi alimwambia. Mjukuu akapokea kwa mikono miwili, akasema asante.

Tulipita Lalago, Maswa, Bariadi na Lamadi, tukalala Mwanza. Alfajiri ya Ijumaa basi la mashabiki likaondoka. Tulivuka kwa kivuko kutoka Kigongo kwenda Busisi, maana daraja la sasa lilikuwa bado halijajengwa. Baada ya Geita binti yangu akafungua mfuko, akaanza kutafuna. Vijana wawili wa kiti cha nyuma, wenye jezi mpya na vuvuzela, wakachungulia.

"Dogo, unakula mbao?" akauliza mmoja.

Basi zima la mbele likacheka. Hakukuwa na ubaya. Ulikuwa utani wa kawaida wa safari ya mpira. Lakini binti wa miaka 12 hana ngozi ya kuupokea utani wa kawaida. Alifunga mfuko, akausukuma chini ya kiti kwa kisigino. Kuanzia hapo hakula kitu kingine zaidi ya soda moja Muleba. Nilimwambia ale, akasema ameshiba. Nilimwambia tena Bukoba, akasema tumbo linamuuma. Tulipogonga mihuri Mutukula na kuingia Uganda, alikuwa amelala na njaa yake.

Mzazi unaweza kumbembeleza mtoto aliyenuna. Mtoto anayeona aibu ni kazi nyingine. Nilitazama ule mfuko chini ya kiti nikawaza: mama yangu ametumia jua la siku nyingi kukausha vile viazi, na imetosha sentensi moja ya kijana mwenye vuvuzela kuvifanya takataka.

Miji na chakula cha mkononi

Kila mji mkubwa una chakula chake cha kushika mkononi, na mara nyingi kilianza kama chakula cha watu wasio na muda wala fedha nyingi. Durban, Afrika Kusini, wana kinachoitwa bunny chow: nusu ya mkate uliotobolewa katikati na kujazwa mchuzi wa viungo. Kilitoka kwa Wahindi wa mji ule, na leo mgeni hawezi kusema amefika Durban kama hajakionja. Philadelphia kule Marekani wana mkate wa kujaza nyama iliyokatwa nyembamba, ulioanza kuuzwa na mchuuzi wa kibandani miaka ya 1930. Sasa mashabiki wa michezo wanaofika mji ule huutafuta kabla ya mechi.

Kampala wana rolex.

Rolex haina uhusiano na saa za mkononi. Ni chapati iliyokunjwa pamoja na mayai ya kukaanga. Jina lilitokana na maneno ya Kiingereza ya "mayai yaliyoviringishwa", rolled eggs, ambayo yakitamkwa haraka na mtu mwenye njaa yanasikika kama jina la ile saa ya bei mbaya. Waganda wakaliacha lilivyo, na utani ukabaki humo humo: kila mtu Kampala anaweza kumiliki rolex.

Chapati yenyewe ilifika Afrika Mashariki na Wahindi, wakiwamo mafundi na vibarua wa reli iliyojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901. Mayai na kabichi vilikuwapo. Kilichohitajika ni mtu wa kuvikutanisha, na mahali panapotajwa zaidi ni Wandegeya, mtaa ulio chini ya kilima cha Makerere. Kuna Chuo Kikuu cha Makerere upande mmoja na Hospitali ya Mulago upande mwingine. Wanafunzi wasio na muda wa kupika, wauguzi wanaotoka zamu, ndugu waliolala na mgonjwa: hao ndio waliokuwa wateja. Habari nyingi zinasema mwanzilishi alikuwa mchuuzi kutoka Busoga, mashariki ya Uganda, aliyeamua kumuuzia mteja chapati na mayai kwa pamoja badala ya kimoja kimoja.

Kwa miaka mingi rolex ilikuwa chakula cha mwanafunzi aliyeishiwa. Mtu mwenye heshima zake aliila gizani. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 2016 Kampala ilifanya tamasha la kwanza la rolex, na wizara ya utalii ya Uganda ikaanza kuitangaza kwa wageni pamoja na sokwe na chanzo cha Mto Nile. Mwaka 2021 Waganda wakatengeneza rolex moja yenye uzito wa zaidi ya kilo 200, ikaingia kwenye kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness. Ile chapati ya mwanafunzi aliyeishiwa ikawa nembo ya nchi.

Asubuhi Wandegeya

Tulifika Kampala usiku wa Ijumaa, tukapata gesti isiyo mbali na Wandegeya. Jumamosi asubuhi nilimwamsha binti yangu mapema. Kwanza nilimpeleka hadi lango la Makerere, nikamwonyesha mahali Mwalimu Nyerere aliposoma kuanzia 1943 hadi 1945, na Rais Mkapa baada yake. Alitazama majengo kwa adabu. Macho yake yalikuwa yanafuata harufu.

Chini barabarani kulikuwa na vibanda vya rolex, kila kimoja na jiko la mkaa, kikaango bapa cha chuma na rundo la chapati lililofunikwa. Tulichagua chenye foleni. Hilo ni somo la kwanza kwa mzazi: foleni ya wenyeji ni ushahidi kwamba chakula hakilali.

Tuliangalia kazi. Kijana alivunja mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, akatupia kabichi iliyokatwa nyembamba, kitunguu, nyanya, hoho na chumvi. Akapiga kwa uma, akamwaga kwenye kikaango chenye mafuta ya moto. Mayai yalipoanza kushika juu, akaweka chapati, akaikandamiza kwa kiganja, akageuza. Chapati ikawa chini, mayai juu. Akapanga vipande vya nyanya katikati, akaviringisha kama mtu anayekunja mkeka, akafunga kwa karatasi. Haikufika dakika tatu. Kila mteja mwanamume alimwita ssebo, kila mwanamke nyabo, na binti yangu alipoitwa nyabo kwa mara ya kwanza maishani mwake, alinyoosha mgongo.

Bei ilikuwa shilingi 2,000 za Uganda, kama 1,200 za kwetu wakati ule.

Tulipokuwa tunasubiri, kulikuwa na baridi ya asubuhi, akafungua begi atoe sweta. Mfuko wa bibi ukaja na sweta, ukaanguka, na matobolwa machache yakatawanyika kwenye ubao wa kibanda. Aliyakusanya haraka, kichwa chini, kama mtu aliyeangusha nguo za ndani hadharani.

"Kwetu tunaita amukeke"

Mbele yetu kwenye foleni alikuwa askari mlinzi wa duka, mtu mzima aliyetoka zamu ya usiku, koti lake bado limefungwa hadi shingoni. Aliokota kipande kimoja, akakigeuza mbele ya macho, akakinusa.

"Amukeke," alisema. Kisha akatugeukia kwa Kiswahili cha Uganda, kile ambacho wengi wamekipata jeshini. "Nyinyi mmetoa wapi hii? Nyinyi ni watu wa Soroti?"

Nikamwambia hapana, sisi tunatoka Tanzania, tumekuja kwa mpira.

"Lakini hii ni ya kwetu. Hii ni viazi. Mama anakata, anaweka kwa jua. Sisi Teso tunaita amukeke."

Nilitaka kujibu, lakini binti yangu alinitangulia. Alisema kwa sauti ndogo kwamba haya yamechemshwa kwanza.

"Unasema?"

"Yamechemshwa kwanza, halafu ndiyo yanaanikwa. Yanaitwa matobolwa. Yale yanayoanikwa mabichi ni michembe. Bibi anatengeneza yote mawili."

Yule mlinzi alimsikiliza kama mtu anayepewa taarifa ya kazi. Akaeleza kwamba kwao Teso, mashariki ya Uganda, vipande huanikwa vibichi, na mama yake alikuwa akivipika na kuvila na mchuzi wa karanga. Binti yangu akasema hata kwetu michembe huliwa na karanga, na wengine hula na maziwa ya mgando. Akamnyooshea mfuko. Mlinzi akachukua kipande, akakitafuna akiwa amefumba macho. Muuza rolex naye akaomba kimoja, akakitafuna, akasema kitu kwa Kiganda ambacho kiliwachekesha wote, na safari hii binti yangu alicheka nao.

Kisha mlinzi akauliza kama anaweza kupewa kidogo apeleke nyumbani.

"Watoto wangu wamezaliwa hapa Kampala," alisema. "Wako watatu. Wanajua rolex tu. Nikiwaambia habari ya amukeke wanafikiri ni hadithi."

Binti yangu hakunitazama kuomba ruhusa. Alichota kwa mikono miwili, akajaza karatasi ya kufungia rolex, akaikunja vizuri. Mlinzi alipotaka kulipia rolex yetu, nikamkatalia, akasisitiza, nikamkatalia tena, mwisho akalipa ya mtoto na mimi nikalipa yangu. Tukala pamoja tumesimama. Ilikuwa ya moto, mafuta yakipenya karatasi, kabichi bado inatoa sauti kwenye meno. Kwa mtoto aliyekaa siku nzima na soda moja, nadhani hakuna hoteli ingeweza kumpa kitu kizuri zaidi.

Maneno ya mlinzi nimeyabeba hadi leo. Mtu yule alikuwa anaishi katika mji wenye chakula kinachojulikana duniani, na watoto wake wanakijua vizuri. Asichoweza kununua Wandegeya kwa shilingi 2,000 ni chakula cha mama yake mwenyewe. Sisi tulikuwa nacho begini, tumekificha.

Namboole

Uwanja wa Mandela, ambao kila mtu anauita Namboole, uko mashariki mwa Kampala kwenye barabara ya Jinja. Ulifunguliwa 1997 na unachukua zaidi ya watu 40,000. Kampala ukitafuta daladala uliza teksi, maana ndivyo wanavyoziita Hiace zao. Kama una mtoto, toka mapema. Foleni ya magari ya siku ya mechi si ya kusimuliwa.

Mechi iliisha 0-0. Ilikuwa ya kwanza ya kocha Emmanuel Amunike kutoka Nigeria, na vijana wetu walijilinda kwa heshima ugenini. Kwa mtoto anayesubiri mabao, suluhu inaweza kuwa ndefu. Kwa kipa ilikuwa dakika 90 za darasa. Binti yangu aliangalia makipa tu: wanasimama wapi mpira ukiwa mbali, wanapiga kelele gani kwa mabeki. Alama ile moja ilikuja kuwa na maana yake Machi 24, 2019, tulipoifunga Uganda 3-0 Dar es Salaam kwa mabao ya Simon Msuva, Erasto Nyoni na Aggrey Morris, na Taifa Stars ikafuzu Afcon kwa mara ya kwanza tangu 1980.

Usiku ule ule basi likageuza. Baada ya mpaka kila mahali pa kula palikuwa pamefungwa. Binti yangu aliweka mfuko wa bibi mapajani, wazi, akawa anatafuna huku anatazama giza. Mmoja wa wale vijana wa nyuma akaomba, akapewa, akaomba tena. Mwenzake alikataa. "Meno yangu bado nayahitaji," alisema. Binti yangu akamwambia basi alale na njaa, na aliyecheka zaidi alikuwa yule aliyekuwa anatafuna.

Kwa mzazi anayefunga begi

Yapo machache ambayo ningependa mwenzangu ayajue kabla ya safari ya mpira na mtoto.

Anza na karatasi. Mtoto anahitaji hati yake ya kusafiria kuvuka mpaka, na kuipata unahitaji cheti chake cha kuzaliwa. Nenda ofisi ya uhamiaji wiki kadhaa kabla, uulize pia kuhusu barua ya ridhaa kama mzazi mmoja anasafiri peke yake na mtoto. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo iwe begini.

Chakula cha barabarani si adui, ila chagua kinachoiva mbele yako na kuliwa cha moto. Rolex ina faida hiyo: unaona yai likivunjwa na unaona moto. Nyanya mbichi zinazowekwa mwishoni, kwa mtoto mwenye tumbo jepesi, omba zikaangwe ndani ya yai. Maji yawe ya chupa iliyofungwa, na mikono ioshwe hata kama foleni inasukuma.

Beba cha nyumbani. Matobolwa, karanga, ndizi za kukaushwa, mihogo ya kukaanga, ubuyu, chochote ambacho kwenu hukaa bila kuharibika. Kitaokoa fedha na kitaokoa usiku mmoja ambao kila mlango umefungwa.

La mwisho linaanzia jikoni kwako. Mtoto hujifunza kuona aibu ya chakula kabla hajajifunza kukipika. Tukipika wali mgeni akija na kuficha michembe, tumeshamfundisha. Tukisema "leo tule tu hivi hivi" wakati mezani kuna mlenda na ugali wa mtama, tumemfundisha tena. Waganda hawakubadilisha kitu ndani ya rolex ili iwe fahari ya mji. Ni chapati ile ile, mayai yale yale, kabichi ile ile. Waliacha kuila gizani.

Jikoni Mwanhuzi

Tuliporudi, wadogo zake walitaka rolex kabla hata ya kuuliza nani alishinda. Kwa wanaotaka kujaribu, sisi hupika hivi. Kanda unga wa ngano, chumvi, mafuta kidogo na maji ya uvuguvugu, uache donge lipumzike nusu saa, pika chapati kama kawaida. Kwa kila chapati piga mayai mawili na kiganja kimoja cha kabichi iliyokatwa nyembamba, robo ya kitunguu, nusu nyanya na chumvi. Mimina kwenye kikaango chenye mafuta ya moto, tandaza iwe na upana wa chapati, weka chapati juu kabla yai halijakauka kabisa, kandamiza, geuza, viringisha. Mtoto wa shule akibeba kwa ajili ya saa nne, acha nyanya ili isilowane.

Pale stendi ya Mwanhuzi chapati zipo na mayai ya kuchemsha yapo, kila muuzaji na chake. Binti yangu alisema kinachokosekana ni mtu wa kuvikutanisha. Ni biashara ambayo nawaachia vijana wa Meatu bila malipo.

Lakini kilichobadilika zaidi kwetu ni upande wa pili. Msimu uliofuata wa viazi, bibi hakuanika peke yake. Binti yangu alichemsha, akakata, akapanga vipande juu ya mkeka, akawa analinda mbuzi wasisogee huku akidaka mpira wa makaratasi uliorushwa na mdogo wake. Alianza kubeba matobolwa na karanga shuleni, na kwenye safari za mashindano alikuwa anabeba ya kuwatosha wachezaji wote.

Bibi alipewa taarifa yote ya Kampala jioni tuliyofika: lango la Makerere, uwanja, kelele, suluhu. Alisikiliza kwa uvumilivu. Kisha akauliza wale watoto watatu wa mlinzi wana umri gani. Alipoambiwa hatukuuliza, alisikitika kidogo, akasema mwakani tukienda tena atafunga mfuko wao kando, na atakata vipande vidogo, kwa sababu huenda meno yao bado hayajakomaa.